Kokubanza na Samli ya Bibi Harusi

Jumanne, 4 Julai 1989

Siku ya kumi na saba ya ndoa. Bado siamini. Nikiamka namtazama Egbert amelala, mdomo wazi kidogo, namshukuru Mungu kwa kila jino lake.

Daftari hili amelinunua yeye. Alisema mke aliyemaliza kidato cha nne asikae hivi hivi mpaka kalamu ikauke. Nani mwingine Nyakatuntu nzima ana mume wa namna hii? Hakuna!

Kwa kweli kukaa hivi hivi ndiyo kazi yangu. Bibi harusi wa nyumba hii hashiki jembe wala mwiko mpaka aende kwanza kuwasalimia wazazi wake. Haruhusiwi kuvuka ua. Anakunywa maziwa, anajipaka samli, anang'aa. Basi. Mama mkwe, Mama Anatolia, amenikabidhi kibuyu kizima cha samli na kuniambia nisikionee huruma. Kila asubuhi ananikagua. Shingo. Mikono. Visigino. Jana alisema viwiko vyangu vinamtia aibu.

Safari ya kwetu ni Jumamosi ya tarehe 15. Bweranyange! Mama yangu hakuweza kunisindikiza siku ya harusi, miguu ilikuwa imevimba. Nilimwacha kitandani. Aliniuliza jambo moja tu: ni lini atanitazama nikiwa mke wa mtu. Nikamtajia tarehe. Akairudia mara tatu ili asiisahau.

Baba naye alimpa Egbert sharti. Alilitoa mbele ya wazee wote, huku akicheka, lakini nayajua macho ya Mzee Rwegasira. Alisema mkwe akifika kwake huku pikapu inasukumwa, basi pikapu itarudi na mkwe, na binti atabaki hapo mpaka lipatikane gari linalotembea lenyewe. Wazee wakapiga makofi. Egbert naye akapiga makofi, maskini. Mimi sikupiga.

Sasa, hiyo pikapu. Anaitwa Kokubanza. Egbert ndiye aliyempa jina hilo la mabinti wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuingia katika maisha yake. Mimi ni wa pili. Sina wivu. Nina wivu kidogo.

Kokubanza analia. Kila asubuhi akiwashwa hutoka mlio mwembamba ndani ya injini, kiiiiii, kama nguruwe anayeburutwa sokoni. Leo nimewasikia majirani ng'ambo ya migomba wakiulizana kama mke wa Egbert ameanza kufinywa. Wakacheka mpaka wakakohoa.

Aibu! Lakini nimepata wazo. Wazo zuri sana. Nitampa Egbert mshangao.


Jumatano, 5 Julai

Nimefanya!

Mama Anatolia alipoinama kukamua ng'ombe, nilitoka kwa mlango wa nyuma na kibuyu changu ndani ya kanga. Nikafungua boneti. Mlio unatoka mbele, kwenye mkanda wa mpira. Injini inauzungusha, nao unazungusha feni, pampu ya maji na kile kidude cha pembeni kinachotengeneza umeme, alteneta. Haya nayajua. Nilipata C ya Fizikia. Shule nzima tulikuwa wasichana watatu tu wenye C.

Msuguano! Vitu viwili vikisuguana, vinalia. Dawa ya msuguano ni mafuta. Na mafuta ninayo.

Vidole viwili. Nimeupaka mkanda wote, ndani na nje, nikiuvuta kidogo kidogo kwa kuzungusha feni. Nimeupaka kwa upendo, kama visigino vyangu.

Egbert akawasha. Kimya kabisa! Mpaka akashuka kuhakikisha injini inanguruma. Akasikiliza. Akatabasamu. Akampigapiga Kokubanza kwenye boneti na kumwambia sasa amekuwa msichana mkubwa.

Alimpigapiga yeye, si mimi. Sijali. Mapenzi ya kweli hayatafuti sifa. Nilikula ndizi mbili na kulala usingizi mtamu.


Ijumaa, 7 Julai. Saba Saba

Kokubanza amegoma kuwaka. Betri haina nguvu hata ya kukohoa.

Wamemsukuma wanaume sita. Majirani! Wale wale! Mmoja aliuliza kwa sauti kama hii ndiyo safari ya Bweranyange au ni mazoezi tu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikauma kitambaa.

Egbert ameniambia kwamba tangu Jumatano kuna taa nyekundu inayowaka hafifu mbele ya usukani, ile inayoonyesha kwamba alteneta haichaji. Na jana kwenye mlima wa Nkwenda gari lilichemka maji. Halijawahi kuchemka pale. Amempeleka kwa Melkiory.

Melkiory ndiye fundi wa hapa senta. Simpendi. Ndiye aliyemshauri Egbert, kabla hajaniposa, aanze na injini nyingine kwanza, mke baadaye. Egbert alinisimulia akidhani nitacheka. Nilicheka. Sijasahau.

Siku nane zimebaki.


Jumamosi, 8 Julai

Egbert amerudi na ushindi! Mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Mzuri ajabu.

Amenieleza yote, nami nimeyaelewa yote, maana Fizikia haimtupi mtu. Melkiory ana mita ya kupimia umeme. Betri ikiwa imepumzika, mita ilisoma volti kumi na mbili na kidogo. Injini ikinguruma ilitakiwa ipande mpaka kama kumi na nne. Haikupanda. Kumi na mbili na nusu. Akiwasha taa kubwa, inashuka. Maana yake gari linakula umeme mwingi kuliko linaotengeneza.

Wamekwangua vichwa vya betri kwa majivu na maji ya moto. Kumi na mbili na nusu. Wamefuata waya kutoka alteneta mpaka betri, wameukaza. Kumi na mbili na nusu. Ndipo Melkiory akasema ni kaboni, vile vipande viwili vidogo vinavyogusa sehemu inayozunguka ndani ya alteneta. Amelegeza mkanda, ameitoa alteneta nje, amebadilisha kaboni kwa nyingine alizotoa kwenye alteneta iliyokufa. Injini ilikuwa imejaa mafuta kila mahali, kwa hiyo akafuta kila kitu kwa tambara la petroli, mkanda nao, akarudisha.

Kumi na tatu na nukta nane!

Nimemrukia Egbert mbele ya mama yake. Mama Anatolia aligeukia ukuta na kuanza kuusifu ukuta.

Jambo moja tu. Alipoingia uani, Kokubanza alikuwa analia tena. Kiiiiii. Huyo Melkiory! Ametengeneza kaboni, ameharibu ukimya wangu.


Jumapili, 9 Julai

Wote wamekwenda misa. Mimi siruhusiwi bado. Nimesali nyumbani kwa muda unaofaa, kisha nikatoka na kibuyu.

Safari hii vidole vitatu. Na magurudumu madogo yanayobeba mkanda, hayo nayo nimeyajaza. Kazi ikifanywa, ifanywe.


Jumatatu, 10 Julai

Nimeguswa moyo mpaka nashindwa kushika kalamu.

Egbert alibeba ndizi leo kutoka Bugomora. Amerudi, akakaa kando yangu, akaniangalia kwa namna ya ajabu. Akasema kuna kitu anaona haya kukisema. Nikambembeleza. Akasema njia nzima, kwenda na kurudi, alikuwa ananusa harufu yangu. Mimi! Wakati sijakaa ndani ya pikapu ile tangu siku ya harusi! Kadiri alivyopanda mlima ndivyo harufu ilivyozidi. Mara mbili aligeuka kutazama kiti cha pembeni.

Kuna mwanamke aliyewahi kuambiwa maneno kama haya? Kuna mwanamke duniani?

Ile taa nyekundu imerudi. Nimemwambia asijali, tunapendana.


Jumanne, 11 Julai

Wamesukuma tena. Wanane leo. Idadi inapanda, volti zinashuka.

Melkiory sasa anasema si kaboni, ni katauti, kile kisanduku kinachopima umeme wa alteneta usizidi wala usipungue. Amekifungua, amekwangua, amefunga. Kumi na mbili na nusu. Amesema hajaona gari linalopona Jumamosi na kuugua Jumatatu. Egbert anasema alikaa juu ya tairi nusu saa akiipigapiga mita yake.

Mimi ninalo la kusema. Fundi gani anayetengeneza kitu kikaharibika baada ya siku mbili? Fundi anayetaka kitu kiharibike! Nani alitaka Egbert aanze na injini? Nani atafurahi nikibaki Bweranyange na Egbert akirudi peke yake, ili hatimaye injini ibadilishwe? Nimeyapanga haya kwa hoja tatu na kumsomea Egbert. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema Melkiory ni rafiki yake tangu darasa la pili. Akanibusu kwenye paji la uso. Hoja ya tatu nikaisahau.

Habari nyingine. Mama Anatolia ameinua kibuyu changu na kushangaa. Zaidi ya nusu imekwisha! Amefurahi. Nimemsikia akiwatangazia akina mama waliokuja kuchuma kahawa kwamba ana mkwe anayejua kujipaka, si hawa wa siku hizi wanaopakwa kidogo kidogo kama mkate. Aliniita nje kidogo waone viwiko.


Alhamisi, 13 Julai

Nimeharibu maisha yangu. Nimeharibu ya Egbert pia. Niandike kwa utaratibu.

Leo Kokubanza hakuwaka hata kwa kusukumwa. Ikabidi Melkiory aje yeye mwenyewe hapa uani na mita yake. Na watu wakaja. Wale wanane, wake zao na watoto wao. Mimi nyuma ya pazia.

Melkiory amefunga betri ya kuazima, injini ikawaka. Akapima. Kumi na mbili na nusu, kama kawaida. Kisha hakushika spana. Akasimama tu, mikono kiunoni, akawa anazungumza na Egbert kama mwalimu. Gari linalochaji kidogo, hilo ni tatizo moja, alisema. Gari linalochemka mlimani ni tatizo jingine. Amekuwa akiyatibu moja moja. Lakini yameanza siku moja. Sasa ni kitu gani kimoja kinazungusha alteneta na pampu ya maji kwa pamoja?

Nilijibu moyoni kabla ya wote: mkanda! Nilijivunia kidogo. Sekunde mbili hivi.

Akazima injini. Akashika mkanda. Vidole vikateleza. Akavitazama. Akavipeleka puani. Akanusa tena. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo msibani, akasema kwamba haya si mafuta ya injini, hii ni samli ya ng'ombe, na mkanda wenye samli hauzungushi kitu, unateleza tu. Akauliza ni nani katika nyumba hii anajipaka samli.

Mungu wangu! Hata watoto wanajua ni nani.

Egbert akageuka. Hakutazama dirisha, alitazama chini ya dirisha. Kisha akasema, wazi kabisa, kwamba ni yeye.

Amesema mikono yake imepasuka kwa kazi, kwa hiyo huwa anachota samli ya mke wake kidogo, anajipaka, na huenda aliushika mkanda.

Ndipo vicheko vikaanguka kama mvua. Omugole! Bibi harusi mpya huyu hapa! Mmoja akamtaka aonyeshe visigino. Mwingine akauliza kama na yeye haruhusiwi kuvuka ua. Bibi mmoja mzee akapiga vigelegele, akamwambia asilie, atazoea kwa mume. Egbert akasimama katikati yao, masikio mekundu, akacheka nao. Akasema visigino mpaka Jumapili.

Mama Anatolia hakucheka. Aliingia ndani, akachungulia kibuyu, akanitazama, akachungulia kibuyu tena. Amekibeba na kukiweka chini ya kitanda chake.

Egbert alipoingia nikapiga magoti. Nikamwambia yote. Msuguano, C ya Fizikia, vidole viwili, vidole vitatu. Nikamwambia anirudishe kwetu hata kwa miguu.

Akakaa kitini taratibu. Akauliza kama na Jumapili pia ilikuwa mimi. Nikasema ndiyo. Kwa hiyo siku ya Bugomora, akasema, ile harufu… Nikasema ndiyo, samli ikipata moto inanukia sana. Kisha akasema alidhani ni mapenzi. Alidhani mtu akioa ndivyo inavyokuwa, unamnusa mke wako mpaka Bugomora na hakuna aliyekwambia mapema.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akateleza kitini. Akasema siku nzima alikuwa anauonea mkanda wa feni mahaba.

Nikamuuliza kwa nini alijitaja yeye. Akasema yeye ataitwa omugole mwezi mmoja, watachoka. Mimi ndio kwanza nimefika, hilo jina la aliyepaka gari samli ningezeeka nalo.

Nalia ninapoandika. Angalieni doa hili.

Lakini keshokutwa ni Jumamosi, na mkanda umelowa samli.


Ijumaa, 14 Julai

Mkanda mpya haupo. Melkiory amepita maduka yote ya hapa. Mtu aliyekwenda mpaka Omurushaka ameambiwa labda mwezi ujao. Melkiory akasema basi tuuoshe huu huu, lakini petroli peke yake haitoshi tena, samli imeingia kwenye mpira. Inatakiwa sabuni nzuri na maji ya moto, mara nyingi.

Sabuni ya nyumbani ilikuwa imebaki kipande cha ukucha. Nimeingia chumbani. Nimefungua sanduku langu la harusi. Ile sabuni ya waridi, ndani ya karatasi yake, aliyonipa Mama yangu kitandani. Nilikuwa naihifadhi niwe naifungua tu na kunusa.

Nimeitoa dirishani. Melkiory ameipokea kwa mikono miwili.

Ameosha mkanda mara nne. Ameosha magurudumu yake. Amefuta, amekausha, amerudisha. Kisha akaisukuma alteneta kwa gongo mpaka mkanda ukakaza, Egbert akafunga nati. Melkiory akaukandamiza kwa kidole gumba, ukabonyea kama upana wa gumba lenyewe, si zaidi. Akasema hapo ndipo panapotakiwa, ukilegea utateleza, ukikaza mno utaua beringi.

Akawasha.

Kumi na nne na nukta moja! Taa kubwa zikiwaka, kumi na tatu na nukta saba. Taa nyekundu imekufa kabisa.

Na kiiiiii. Kwa sauti yake yote.

Melkiory akasogea dirishani. Mara ya kwanza kuongea nami. Alizungumza na pazia, kwa heshima. Alisema, shemeji, mkanda huu ni mzee, umekuwa mgumu, utalia asubuhi, mwache alie, akilia ujue anafanya kazi. Siku akinyamaza uniite. Akaniapisha, mkono juu, kwamba samli, siagi, mafuta ya nazi wala mafuta ya aina yoyote hayatagusa tena mkanda ule. Niliapa. Niliinua mkono upande wangu wa pazia.

Nikamuuliza kama bado anaona Egbert angeanza na injini. Akafikiri. Akasema ndiyo.

Angalau ni mkweli. Nimeanza kumheshimu. Kidogo.


Jumamosi, 15 Julai

Nimetoka uani! Kitenge kipya, kilemba kipya, samli ya mwisho nimepakwa na Mama Anatolia mwenyewe, kwa mkono wake, kijiko kimoja kilichopimwa. Nyuma tulipakia madumu ya pombe yetu ya lubisi, mikungu ya ndizi na jogoo mmoja mwenye hasira. Majirani walisimama kando ya njia, mikono tayari kusukuma. Hawakuhitajika! Egbert alizungusha ufunguo mara moja. Kiiiiii! Wakapiga kelele, kwaheri omugole. Hatujui walimwaga nani kati yetu.

Mimi sikutazama mandhari. Nilitazama ile taa nyekundu. Nkwenda, haipo. Omurushaka, haipo. Egbert alinishika mkono kila barabara iliponyooka, na barabara hainyooki sana, kwa hiyo nilithamini kila mara.

Tulipokuwa tukiteremka kuelekea kijito cha mwisho, breki za mbele nazo zikalia, lakini kwa mlio mwingine, mzito zaidi. Egbert akasema hiyo ni breki tu, inataka kuangaliwa. Tukasimama kijitoni kuongeza maji. Akazima injini. Kwa nini aliizima! Kilima cha kwetu kilikuwa mbele yetu, nyumba ya Baba inaonekana juu, na sisi tuko chini kabisa kwenye bonde. Kama Kokubanza angegoma pale, wangetusukuma mbele ya macho ya Baba, hatua kwa hatua, robo saa nzima.

Egbert akaweka mkono kwenye ufunguo. Akaniangalia. Nikafumba macho. Nikamwita Kokubanza dada kwa mara ya kwanza.

Kiiiiii!

Tukapanda. Alilia kilima kizima. Sijawahi kusikia mlio mtamu kama ule.

Na juu, kwenye njia panda, akiwa amesimama. Amesimama! Kwa miguu yake, fimbo mkononi, kanga safi. Mama. Nilishuka kabla gari halijasimama. Nilimuuliza kwa nini ametoka nje na miguu ile. Akasema alinisikia tangu bondeni. Watu wakambishia kwamba ni nguruwe wa jirani, yeye akasema hapana, gari lililomchukua siku ya harusi lililia hivyo hivyo, huyo ni mwanangu anakuja. Akapata muda wa kujifunga kanga, kutafuta fimbo na kutembea taratibu mpaka njiani. Tungekuja kimya, alisema, tungemkuta kitandani.

Akanishika viwiko. Akaviangalia kimoja kimoja, akivipitisha kidole. Akasema wananitunza. Basi, tukalia sote wawili, na jogoo.

Baba naye hakulia. Alizunguka nyuma ya pikapu, akainama, akakagua vumbi la bodi lote, akitafuta alama za viganja vya watu waliosukuma. Hakuona hata moja. Akarudi mbele, akaweka mkono kwenye boneti, akavuta pumzi, uso ukabadilika. Akamuuliza mkwe wake kwa nini injini inanukia waridi.

Egbert akampa shikamoo ya pili. Akasema Kokubanza naye asingeweza kuja ukweni bila kuoga.

Baba alijaribu kuzuia kicheko. Kilimshinda. Akamshika Egbert bega, akamwingiza ndani.

Hakuna mwanamke mwenye furaha kama mimi. Nimeandika haya nikiwa nimelaza kichwa magotini kwa Mama. Nisameheni mwandiko.


Jumatatu, 17 Julai

Tumerudi jana, salama, bila kusukumwa na mtu. Sasa mimi ni mke kamili. Leo nimeshika jembe! Nimeshika mwiko! Mama Anatolia amenirudishia na kibuyu, akisema yaliyopita yamepita.

Sikukihitaji sana, maana Mama yangu amenipa kingine, kimejaa, samli safi ya manjano, bora kuliko ya hapa. Siwezi kuimaliza kwa viwiko tu.

Egbert yuko ndani anakunywa uji niliopika mwenyewe. Amesema una moshi kidogo na ni mtamu. Kesho anateremka mlima wa Nkwenda na magunia ya kahawa. Anasema mkanda haumsumbui tena, ameshauzoea, hata anaufurahia. Kinachomkera ni zile breki za mbele. Jana zililia kila mteremko, kuanzia Bweranyange mpaka hapa. Mume wangu mpenzi, na masikio yake mazuri!

Nimechungulia pale kwenye gurudumu. Kuna sahani ya chuma, na vipande viwili vinaibana. Vitu viwili vinavyosuguana. Waziwazi.

Niliapa kuhusu mkanda, nami kiapo changu ni kiapo. Sitaugusa mkanda mpaka nife. Breki hakuna aliyenitajia.

Vidole viwili tu. Kesho atateremka Nkwenda kimya kama malaika, akininusa njia nzima.